Salamu Hazipandi Ndege

Tromsø, Norway
2 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, ni baridi tu inayonitafuna masikio. Namwomba Mungu maneno haya yawakute nyote mkiwa na afya: wewe na mgongo wako, kaka yangu Waseem na pikipiki yake, na Mama. Mama hajambo? Nauliza ingawa najua jibu lake. Niliahidi kurudi baada ya digrii moja, nikachukua ya pili, na sasa hii ya uzamivu. Siku ile nilipoondoka, uwanja wa ndege wa Kilindoni, alikataa hata kushuka kwenye gari. Alisema, "Salamu zangu hazipandi ndege. Anayezitaka azifuate nyumbani." Tangu hapo sijapata hata moja. Mfikishie zangu, azikatae mwenyewe.

Umesema umechoka kuwaambia wateja kwamba mwanao "anasoma theluji". Basi nitakueleza kama vile nimekaa juu ya lile pipa tupu mbele ya kaunta yako.

Huku kaskazini kabisa bahari inaganda, na juu ya barafu hiyo huanguka theluji. Tunataka kujua theluji ina kina gani. Bila kujua hivyo, hatuwezi kujua barafu iliyo chini yake ni nene kiasi gani, wala inapungua kwa kasi gani. Hakuna awezaye kuipima bahari nzima kwa miguu, kwa hiyo tunatumia setilaiti mbili. Moja hutuma mwanga wa leza, nao hugonga juu ya theluji na kurudi. Nyingine hutuma mawimbi ya rada, nayo hupenya theluji mpaka kwenye barafu ndipo yarudi. Ya kwanza inajua uso ulipo, ya pili inajua sakafu ilipo. Ukitoa kimo kimoja katika kingine, kinachobaki ni kina cha theluji. Ndiyo kazi yangu, kutoa.

Sasa habari yenyewe. Mwezi ujao napanda meli kwenda kwenye barafu hiyo. Tutapima kwa mkono pale pale setilaiti zinapopita juu, ili tujue kama zinasema kweli. Tutashuka na kutembea juu ya bahari iliyoganda. Nimechaguliwa kati ya wengi, Baba, na nimefurahi sana. Nilitaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa Waseem, maana yeye jambo likipita mkononi mwake hufika likiwa na pembe.

Mwanao,
Kinza


Kilindoni, Mafia
9 Februari 2025

Mwanangu Kinza,

Marahaba, marahaba, na Mola akuhifadhi. Sisi hatujambo. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Nimefunga nusu mlango wa duka ili nikujibu kwa nafasi, maana kwenye simu mtu husema "nzuri" akakata.

Sehemu ya setilaiti nimeielewa. Sehemu ya kutembea juu ya bahari sijaielewa, na sitaki kuielewa. Sisi ni watu wa duka, binti yangu. Babu yako aliishi kisiwani hapa maisha yake yote na bahari aliitazama dirishani. Mimi mwenyewe nauza injini za boti, kamba na dizeli, lakini boti ya Nyamisati nikiipanda hufumba macho mpaka ng'ambo. Wewe unaniambia utashuka melini katikati ya bahari, utembee?

Nilikwenda kwa Mwalimu Shamte, akanionyesha picha za huko kwenye simu yake. Kuna dubu, Kinza. Dubu weupe, wakubwa kama gari la Noah. Mbona hukuandika habari za dubu? Na barafu ikikatika? Mtu akitumbukia anavutwa na nani? Kibla utakijuaje mahali pasipo na hata mti? Silali vizuri. Nakwambia wazi, sina haya ya kuogopa.

Mama yako nilimfikishia salamu. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mwambie simsalimii. Na mwambie avae soksi mbili." Nikamwambia kuna dubu. Akatupa kokoto moja, akasema, "Soksi tatu."

Yeye hajambo, ila siku hizi anadai ngazi za kwenda juu zimeongezwa. Hupanda nusu akakaa, ukimuuliza anasema anatazama barabara. Umri tu huo, usijali.

Sitakukataza. Nikikukataza utakwenda, nami nitabaki baba aliyekaidiwa. Afadhali niwe baba mwenye wasiwasi.

Baba yako,
Nazarali


Tromsø
8 Machi 2025

Baba mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote. Mimi sijambo, mizigo nimeshafunga.

Dubu wana mtu wao. Kila kundi linaloshuka lina mlinzi mwenye bunduki, na kazi yake ni kutazama dubu tu, hapimi wala hashiki kitu kingine. Nguo tunazovaa zinaelea majini. Tunakwenda wawili wawili tukiwa na kamba, na melini wanajua kila aliyeshuka. Kibla nitakipata kwenye simu. Soksi ninazo.

Lakini umeandika aya nzima ya dubu na mistari miwili ya ngazi, nami kilichoninyima raha ni ngazi. Mama hajafika sitini. Yule aliyekuwa akipandisha ndoo ya maji juu huku anatugombeza leo akae nusu ya ngazi kutazama barabara? Barabara gani hiyo? Tafadhali mpeleke hospitali. Akikataa, mwambie ni mimi niliyesema, labda atakubali ili apate sababu ya kunilaumu.

Tunaondoka keshokutwa. Melini hakuna kupiga simu wala kutuma picha, ila barua pepe za maneno matupu zinapita, mara moja kwa siku. Kuna simu moja ya nahodha, ya dharura. Niahidi jambo moja, Baba. Usinifiche kitu.

Mwanao,
Kinza


Kilindoni
16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hapa sote tupo, funga inakwenda vizuri, joto ndilo linalotutoa ulimi.

Nimemtii binti yangu. Nilimpeleka mama yako hospitali. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akampa vidonge, akamkataza kufunga, na akatuandikia twende Dar kwa kipimo cha moyo baada ya sikukuu. Mama yako amemkasirikia kama vile amemmwagia futari mchangani. Hata hivyo hajaacha kupika. Kila magharibi sahani zinatoka kwenda kwa majirani, na Bi Mwanahalima wa Miburani amesema sambusa za mwaka huu zimezidi pilipili. Nimemwambia asimwambie mpishi.

Kuhusu ahadi uliyonitaka. Unaijua desturi yetu, msafiri hapelekewi habari nzito. Alipofariki bibi yako mimi nilikuwa Dubai kufuata mzigo, na hawakuniambia mpaka nilipovuka kizingiti na kuona mikeka imetandikwa. Nilikasirika sana. Baadaye nikafikiri, ningefanya nini kule ugenini peke yangu, zaidi ya kulia hotelini? Basi nitajitahidi. Zaidi ya hapo sisemi.

Mama yako hakusalimii, na ameniagiza nikuulize kama soksi ni za sufu.

Baba yako,
Nazarali


Melini, kwenye barafu
27 Machi 2025

Baba mpenzi,

Shikamoo. Ni mzima, nakula vizuri, sijaona dubu. Siku za safari sikufunga, nitazilipa nyumbani.

Ungeiona! Meli imesimama imebanwa, na pande zote ni weupe mtupu mpaka unapokutana na mbingu. Nilipokanyaga mara ya kwanza nilitaja majina yote ya Mungu niliyokumbuka. Chini ya miguu yangu kuna bahari, nami nasikia jinsi theluji inavyolia kila hatua.

Tunapima kwa fimbo yenye kisahani kinachoteleza. Unaichomeka, ncha inashuka mpaka kwenye barafu, kisahani kinabaki juu ya theluji. Nafasi iliyo kati ya ncha na kisahani ndiyo kina. Hatua mbili mbele, unachomeka tena. Mkono wa kulia umevimba, nami nacheka peke yangu nikikumbuka unavyochomeka kijiti kwenye mapipa ya dizeli.

Jambo moja sikulijua moyoni mpaka nilipofika. Theluji ni blanketi. Palipojaa theluji, barafu ya chini haifikiwi na baridi, basi haigandi vizuri, inabaki nyembamba. Pale panapoonekana pamejaa na laini ndipo mlinzi anapotuambia tuzunguke.

Ila nina tatizo linalonikosesha usingizi. Setilaiti zinasema theluji ni haba, fimbo inasema ni nyingi. Si mahali pamoja, ni kila mstari tuliopima. Nimehesabu upya mpaka wenzangu wameanza kunihurumia. Ama nimekosea mimi, ama rada haifanyi tunachodhani inafanya. Ikiwa ni mimi, kazi yangu ya miaka mitatu ni bure.

Ngazi zinasemaje? Vidonge anameza? Mwambie soksi ni za sufu.

Mwanao,
Kinza


Kilindoni
1 Aprili 2025

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Idi Mubarak. Sisi sote huku ni wazima wa afya kabisa, hatuna neno lolote, hofu yetu ni kwako tu. Sikukuu imepita vizuri sana. Duka lipo, Waseem yupo, mvua zimeanza kunyesha vizuri.

Mama yako anakusalimu sana. Anasema anakupenda, anakuombea dua, na umsamehe.

Fanya kazi yako kwa utulivu wala usiwe na wasiwasi.

Baba yako,
Nazarali


Melini
2 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Mama ana nini?

Usiniambie hana kitu. Mama hanisalimii. Miaka mitatu kila barua yako imeniambia kwamba hanisalimii, na kila nikiisoma hucheka na kulala vizuri, kwa sababu ndiyo sauti yake hasa, naisikia mpaka huku. Leo ananipenda, ananiombea, anaomba nimsamehe? Nimsamehe nini? Na soksi ziko wapi, Baba? Barua nzima haina soksi.

Jana tuligundua kosa letu. Hesabu zangu zilikuwa sawa. Barafu ni ya bahari, ina chumvi, na chumvi hiyo hupanda kwenye theluji ya chini ikaifanya iwe na unyevunyevu. Rada ikifika hapo inarudi, nasi tunadhani imefika sakafuni. Kumbe imegeuzwa njiani. Wenzangu walishangilia, mimi nikakaa kitandani na barua yako mkononi, nikaiona ni kitu kile kile. Maneno yako hayajatoka sakafuni. Yameishia katikati.

Najua desturi. Najua unanihurumia. Lakini hapa nilipo, kutojua ndiko kunakoniua. Niambie.

Kinza


Melini
5 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Hujanijibu. Kila siku barua zikiingia nakuwa wa kwanza, narudi mikono mitupu.

Leo nahodha aliniachia simu ya dharura. Nilipiga ya duka. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Jumamosi, saa sita mchana, duka la Nazarali halina mtu? Duka ambalo hukulifunga hata siku ya harusi ya Waseem mpaka ulipofuatwa! Ya Waseem haipatikani. Ya nyumbani ilipokewa na Bi Mwanahalima, akasema "wote hawajambo mwanangu, wametoka kidogo," kisha nikamsikia analia, laini ikakatika.

Wametoka kwenda wapi?

Mwanao


Melini
9 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo popote ulipo. Leo nimetumbukia. Mlinzi alisema tuzunguke nami sikusikia, nilikuwa nafikiri habari za nyumbani. Theluji ikaniachia mpaka kiunoni, chini yake kulikuwa na maji. Mwenzangu alinivuta kwa kamba. Nimebadilishwa nguo, nimepewa chai, vidole vyote vipo. Nakwambia kwa sababu nimeamua sifichi kitu hata kama wewe unaficha.

Nimeomba kuondoka. Wamenijibu kwa upole kwamba helikopta haifiki huku tulipo, na meli haigeuzwi mpaka barafu ilegee. Sina njia.

Wahenga walisema mficha maradhi. Sitaki kuimalizia methali hiyo.

Kinza


Dar es Salaam
11 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu. Nitakwambia yote, kisha unihukumu.

Usiku wa kuamkia sikukuu mama yako alikosa pumzi. Asubuhi tulipanda ndege ndogo kuja Dar, Waseem akimshika mkono. Hata barua ya sikukuu niliiandikia hapa, nikaweka Kilindoni juu yake, Mungu anisamehe. Mlango mmoja wa moyo wake umekaza, damu haipiti inavyotakiwa. Madaktari walisema lazima apasuliwe, wakamtibu siku tisa kwanza ili apate nguvu. Walimpasua kifua juzi. Kazi ilikwenda salama, wanasema, lakini yuko chumba cha mahututi, hajaamka sawasawa. Anapumua kwa mashine. Tunaruhusiwa kumwona dirishani.

Barua zako zote nimezisoma hapa kwenye benchi. Nilishindwa kukujibu kwa sababu uongo ulikuwa umeniishia na ukweli sikuwa na nguvu ya kuuandika. Uliposema umetumbukia, nilitoka nje nikalia mbele za watu. Nilikuficha ili usihangaike, na mahangaiko hayo ndiyo yaliyokupeleka majini. Ningekupoteza kwa huruma yangu mwenyewe.

Lakini jambo moja nataka ulijue, Kinza. Afya tuliyokuwa nayo niliitunga. Sikukuu njema niliitunga. Salamu sikuzitunga. Siku tuliyofika walimfungulia jalada, wakamwambia atapasuliwa, wakamvua bangili zake kwa sabuni, zile ambazo hazijawahi kutoka tangu harusi yetu. Akanitilia mkononi, akasema, "Msalimie Kinza. Mwambie nampenda, namwombea, anisamehe." Nilimkatalia, nikamwambia atakusalimia mwenyewe. Akasema, "Andika." Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. Wewe ulidhani ndipo nilipodanganya. Pale ndipo pekee palipokuwa sakafuni.

Bangili ninazo mfukoni. Zinalia nikitembea. Mwombee.

Baba yako,
Nazarali


Melini
11 Aprili 2025

Baba yangu,

Nimesoma. Sina hukumu yoyote. Nashukuru umeniambia.

Nitakaa hapa nilipo na nitaswali. Kesho nitashuka kupima, kwa sababu nikikaa chumbani nitaingiwa na wazimu, lakini nitatazama ninapokanyaga, nakuapia. Kila siku niandikie mstari mmoja tu, wowote ule, mradi utoke chini kabisa. Akiamka, mwambie nimezipata. Mwambie sina cha kusamehe.

Mwanao,
Kinza


Upanga, Dar es Salaam
24 Aprili 2025

Kinza,

Sijaandika barua tangu niolewe, na herufi za simu hii ya Waseem ni kama chawa, basi usinihesabie makosa.

Mimi ni mzima. Kifua wamekishona kama gunia la mbata za Baleni. Nimekatazwa kunyanyua hata sufuria, kwa hiyo baba yako ananipikia uji, na adhabu hiyo imezidi ya kisu. Mistari yake ya kila siku nimeisoma yote, "amefungua macho", "ameomba maji", "amegombana na nesi". Huyo nesi alistahili. Bangili zimerudi mkononi, moja imegoma, nimenenepa kwa kulala.

Sasa sikiliza. Baba yako ameniambia alikupelekea salamu zangu. Ni kweli nilizitoa. Nilidhani nakufa, na anayekufa hana haja ya akiba. Lakini sikufa. Kwa hiyo salamu zile zimekuja kwako kwa makosa, nami nazitaka zirudi. Usizitume kwa barua wala kwa simu. Zilete mwenyewe, mpaka mlangoni kwetu Kilindoni, nizipokee kwa mkono wangu. Ngazi nitakuwa nimeshashuka.

Nimesomewa pia habari ya kutumbukia mpaka kiunoni. Soksi nne.

Sikusalimii.

Mama yako,
Nurbanu